Jiwe moja, milinganyo miwili: vekta na vijenzi vyake katika maswali ya mwendo

Swali

Mwalimu, shikamoo. Kuna swali la fizikia limenikwamisha siku tatu sasa. Jiwe linarushwa kutoka ukingoni mwa jabali lenye kimo cha mita 15. Linaondoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, likielekea juu kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Tunaambiwa tutumie g = 10, yaani mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia. Litafika chini baada ya muda gani, na litaangukia umbali gani kutoka kwenye jabali? Mara ya kwanza nilipata sekunde 4.65. Nikaambiwa niigawe velositi, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake, katika vijenzi. Nilipofanya hivyo nikapata namba hasi ndani ya kipeuo cha pili. Kitabu kinasema sekunde 3. Naomba kuelewa mambo matatu. Kwa nini tunaruhusiwa kuikata velositi moja vipande viwili, kana kwamba mawe ni mawili? Nitajuaje ni wapi natumia sin na wapi cos? Na ni kweli, kama tunavyofundishwa, kwamba mwendo wa mlalo na mwendo wa wima havijuani kabisa?

Jibu

Marahaba. Umefanya vema kuniletea majibu yote mawili yaliyokukatalia, kwa sababu ndani yake ndimo naona ulipoteleza. Jibu sahihi peke yake lisingenionyesha chochote.

Tuanze na zile sekunde 4.65. Nimefuata nyayo zako nikaona uliandika hivi:

−15 = 20t − 5t²

Kisha ukautatua mlinganyo huo bila kosa lolote. Aljebra yako ni safi. Tatizo ni ile 20. Mlinganyo s = ut + ½at² unazungumzia mwendo wa kwenye mstari mmoja tu, na herufi s (uhamisho), u (velositi ya mwanzo) na a (mchapuko, yaani badiliko la velositi kwa kila sekunde) ni lazima zote zihusu mstari huohuo; t ni muda. Wewe umeweka −15, ambayo ni ya wima. Umeweka mchapuko wa 10 kwenda chini, nao ni wa wima. Katikati yao ukapachika 20, ambayo imelala nyuzi 30 tu juu ya mlalo. Mlinganyo ulioupata ni wa jiwe jingine, lililorushwa wima kwa mita 20 kwa sekunde, na jiwe hilo kweli lingefika chini baada ya sekunde 4.65. Jiwe lako halipandi kwa kasi hiyo. Linasafiri kwa 20, lakini linapanda kwa 10.

Hebu lione kwa macho. Fikiria jua liko utosini kabisa, na jiwe linatupa kivuli chake ardhini. Fikiria pia taa ya mbali sana inayomulika kutoka ubavuni, ikitupa kivuli cha jiwe hilohilo kwenye ukuta mrefu uliosimama wima sambamba na njia ya jiwe, na wewe unatazama tu urefu wa kivuli hicho kutoka chini. Kivuli cha ardhini hakipandi wala hakishuki. Kinakimbia moja kwa moja. Kimo cha kivuli cha ukutani kinaongezeka, kinasita, kisha kinapungua, sawasawa na jiwe lililorushwa wima. Jiwe ni moja. Unachokiita kijenzi cha mlalo ni mwendo wa kivuli cha kwanza, na kijenzi cha wima ni kupanda na kushuka kwa kivuli cha pili. Hakuna kilichokatwa. Umelitazama jiwe mara mbili, kutoka pande mbili.

Sasa, ruhusa ya kufanya hivyo inatoka wapi? Inatoka kwenye uhamisho, yaani badiliko la mahali. Ukitembea mita 3 kwenda mashariki kisha mita 4 kwenda kaskazini, unaishia palepale ambapo ungefika kwa kutembea mita 5 kwa mstari ulioinama. Hakuna anayebisha hilo; ni kanuni ya Pythagoras na ramani. Velositi ni uhamisho uliogawanywa kwa muda. Muda hauna mwelekeo, kwa hiyo kugawanya kwa muda kunaipunguza au kuikuza pembetatu nzima bila kuigeuza umbo. Kama uhamisho unaweza kuandikwa kama jumla ya hatua ya mashariki na hatua ya kaskazini, velositi nayo inaweza. Mchapuko ni badiliko la velositi likigawanywa kwa muda, basi nao unarithi tabia hiyohiyo.

Vekta moja, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, ina njia zisizo na idadi za kuandikwa kama jumla ya vekta mbili. Tunapenda mihimili (mistari ya kupimia) inayokutana kwa pembe mraba kwa sababu moja nzuri: mshale ulio juu ya mhimili mmoja hauachi kivuli chochote kwenye mwingine. Ukitumia mihimili iliyokaribiana, tuseme kwa nyuzi 60, badiliko la upande mmoja linaonekana pia upande wa pili, na hesabu inakuwa ya kutenganisha nyuzi zilizosokotana. Inawezekana, lakini ni kujitafutia kazi.

Kwa jiwe lako, faida ya pembe mraba ni kubwa kuliko kawaida. Mvutano wa dunia unaelekea chini tu, kwa hiyo kivuli chake kwenye mhimili wa mlalo ni sifuri. Mlalo hauna mchapuko, na kivuli cha ardhini kinakwenda kwa velositi isiyobadilika mpaka jiwe linapotua. Galileo ndiye aliyeliweka jambo hili wazi katika kazi aliyoichapisha mwaka 1638: kitu kilichorushwa kwa mlalo kinaendelea mbele kwa mwendo ulio sawa huku kikianguka kwa umbali unaokua kwa kipeo cha pili cha muda, na mchanganyiko wa mambo hayo mawili ni njia yenye umbo la parabola. Alifanya hivyo kwa jiometri tupu. Alama za vekta tunazozitumia leo zilikuja kuelekea mwisho wa karne ya 19, kwa kazi za wanasayansi kama Gibbs na Heaviside. Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani mishale ndiyo fizikia yenyewe. Mishale ni mwandiko. Wazo ni lile la vivuli.

Basi tuje kwenye jibu lako la pili, lile la namba hasi ndani ya kipeuo, ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo zaidi. Safari hii uligawa vizuri. Kijenzi cha wima ni 20 × sin 30°, yaani 10. Kisha ukaandika:

15 = 10t − 5t²

Ukaipanga ikawa t² − 2t + 3 = 0, na ndani ya kipeuo ukakuta 4 − 12, yaani −8. Ukadhani umeharibu hesabu. Hukuiharibu. Tazama ulichouliza. Kwa kuandika +10 kwa velositi na −5t² kwa mvutano, ulishaamua kwamba juu ni chanya. Ukaandika +15 upande wa kushoto, maana yake mita 15 juu ya mahali jiwe lilipoanzia. Uliuliza ni lini jiwe lililoanza kupanda kwa 10 litafika mita 15 juu ya ukingo wa jabali. Jiwe hilo linaishia mita 5 tu juu ya ukingo, kwa kuwa 10² ÷ (2 × 10) = 5. Halitafika mita 15 kamwe, na hisabati ilikueleza hivyo kwa njia yake.

Kimo cha jabali ni 15, lakini uhamisho wa jiwe ni −15, kwa sababu limeishia chini ya lilipoanzia. Kijenzi si ukubwa tu. Kijenzi ni namba yenye ishara, na ishara ndiyo iliyobaki ya mwelekeo baada ya mshale kulazwa juu ya mhimili. Ndiyo maana naomba sana, na sitachoka kuomba, kwamba kabla ya kuandika mlinganyo wowote uchore mihimili yako: kitone cha kuanzia, mshale mmoja wenye neno chanya ukielekea juu, mwingine ukielekea mbele. Ni kazi ya sekunde 10. Wanaoiruka hujikuta wakikisia ishara katikati ya hesabu, na anayekisia hupatia nusu na kukosa nusu.

Tuandike sasa kwa ukamilifu. Kitone cha kuanzia ni ukingoni mwa jabali, juu ni chanya, mbele ni chanya.

Mlalo: vx = 20 × cos 30° = 17.3 m/s, ax = 0, kwa hiyo x = 17.3t

Wima: vy ya mwanzo = 20 × sin 30° = 10 m/s, ay = −10 m/s², kwa hiyo y = 10t − 5t²

Ardhini ni y = −15. Tunapata −15 = 10t − 5t², yaani t² − 2t − 3 = 0, ambayo inagawanyika kuwa (t − 3)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 3. Kisha sekunde hizo hizo 3 zinavuka kwenda upande wa mlalo: x = 17.3 × 3, karibu mita 52.

Angalia ni kitu gani kilivuka. Ni t peke yake. Milinganyo hii miwili inatumia muda uleule mmoja, na mara nyingi swali zima linakuwa ni kutafuta upande gani unaweza kukupa muda ili upeleke upande mwingine. Hapa wima ndio ulioujua mwisho wa safari, kwa sababu ardhi iko −15, basi wima ndio uliotoa muda. Kama kungekuwa na ukuta mita 26 mbele na ukaulizwa jiwe litaugonga kimo gani, mlalo ndio ungetoa muda, karibu sekunde 1.5, na wima ungepokea: y = 15 − 11.25, yaani mita 3.75 juu ya ukingo.

Na lile jibu la t = −1? Wengi hulifuta haraka. Linasema kwamba kama jiwe lingekuwa tayari kwenye parabola hiyohiyo kabla ya kufika ukingoni, lingekuwa usawa wa ardhi sekunde 1 mapema, likipanda kwa 20. Linganisha na kutua kwake: vy = 10 − 10 × 3 = −20. Kupanda kwa 20 kwenye usawa huo, kushuka kwa 20 kwenye usawa huohuo. Tulilitupa kwa sababu swali linaanzia mkononi mwa mrushaji, si kwa sababu halina maana.

Kasi ya kutua inatoka kwa kuvirudisha vijenzi pamoja: kipeuo cha pili cha (17.3² + 20²), karibu 26.5 m/s. Mwelekeo ni pembe ambayo tan yake ni 20 ÷ 17.3, karibu nyuzi 49 chini ya mlalo. Kosa ninaloliona mara nyingi hapa ni mtu kujumlisha 17.3 na 20 akapata 37.3. Urefu wa mishale iliyoinamiana haujumlishwi hivyo, kama vile mita 3 mashariki na mita 4 kaskazini hazikupeleki mita 7 kutoka ulipoanzia.

Niweke hapa onyo ambalo hukuliuliza ila utalihitaji. Siku moja utajaribu v² = u² + 2as (v ni velositi ya mwisho) kwenye jiwe hili kwa kasi nzima: 20² + 2 × 10 × 15 = 700, na kipeuo chake ni 26.5. Jibu ni sahihi! Utajiuliza kwa nini huku kasi nzima imekubalika ilhali kule imekataa. Sababu ni hii. Kwa wima peke yake, vy² mwishoni ni 10² + 300, yaani 400. Kwa mlalo, vx² ni 300 mwanzoni na 300 mwishoni. Ukijumlisha pande zote mbili, ile 300 ya mlalo inaingia mwanzo na mwisho kwa usawa, na kwa Pythagoras vijenzi vinaungana kuwa kasi nzima. Mlinganyo huo ni wa nishati uliovaa nguo za mwendo, na nishati haina mwelekeo. Utumie kwa kasi, lakini usiutarajie ukupe muda au pembe.

Sasa sin na cos. Nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda: usikariri kwamba "mlalo ni cos, wima ni sin." Kanuni hiyo inafanya kazi mpaka siku pembe inapopimwa kutoka wima, au mteremko unapoingia kwenye swali, ndipo inakuangusha bila taarifa. Kanuni iko moja nayo haibadiliki: kijenzi cha vekta kwenye mhimili ni ukubwa wa vekta mara cos ya pembe iliyo kati ya mshale na upande chanya wa mhimili huo. Basi. Jiwe lako liko nyuzi 30 kutoka mlalo, kwa hiyo kwenye mlalo ni cos 30°. Kutoka mhimili wa wima liko nyuzi 60, kwa hiyo kwenye wima ni cos 60°, na cos 60° ndiyo sin 30°. Ile sin ni cos ya pembe ya upande wa pili iliyoandikwa kwa jina jingine. Uzuri zaidi ni kwamba kanuni hii inakuletea ishara yenyewe: mvutano wa dunia uko nyuzi 180 kutoka upande wa juu, cos 180° ni −1, na ile hasi ya −10 imejileta bila wewe kuikumbuka.

Ijaribu kwenye mteremko. Kitu kinateleza bila msuguano kutoka kileleni mwa mteremko wenye urefu wa mita 10, ulioinama nyuzi 30, kikianza kwa kutulia. Chora mhimili mmoja ukifuata mteremko kwenda chini. Pembe kati ya mvutano wa dunia na mhimili huo ni nyuzi 60, kwa hiyo mchapuko ni 10 × cos 60° = 5 m/s². Kwa 10 = ½ × 5 × t², muda ni sekunde 2, na kasi ya kufika chini ni 10 m/s. Mtu aliyekariri "chini ni sin, pembeni ni cos" anaweza kubahatika hapa au asibahatike. Ukiwa na shaka, sukuma pembe mpaka mwisho wake: mteremko ukilala kabisa kitu hakitelezi, kwa hiyo mchapuko lazima uwe sifuri pembe ya mteremko inapokuwa sifuri; sin 0° ni sifuri, cos 0° si sifuri. Jaribio hilo limeniokoa mara nyingi kuliko fomula yoyote.

Mteremko unajibu pia swali lililojificha ndani ya swali lako la kwanza, kwamba ni nani aliyeamua vijenzi viwe vya mlalo na wima. Hakuna. Unaweza kutatua mteremko huohuo kwa mihimili ya kawaida. Mchapuko wa 5 unagawanyika kuwa 4.33 mbele na −2.5 wima. Kwa sekunde 2, kitu kimeenda mbele ½ × 4.33 × 4 = mita 8.66 na kimeshuka mita 5. Ziunganishe: kipeuo cha (75 + 25) ni mita 10, urefu uleule wa mteremko. Vekta haikubadilika, namba ndizo zilizobadilika kwa sababu ulibadilisha mahali pa kusimama. Ninachagua mihimili iliyoinama kwa sababu inaacha namba moja tu ya kushughulikia badala ya mbili. Kwa jiwe lililorushwa ninachagua mlalo na wima kwa sababu hiyohiyo: inaacha upande mmoja bila mchapuko. Tafuta mchapuko unaelekea wapi, kisha ufanye mhimili mmoja uufuate.

Vijenzi vina kazi hata pasipokuwa na kitu kinachoanguka. Gari linakwenda mashariki kwa 10 m/s, linakata kona, na baada ya sekunde 2 linakwenda kaskazini kwa 10 m/s. Mchapuko wake wa wastani ni upi? Anayetazama kasi peke yake atasema sifuri, 10 kutoa 10. Andika vijenzi: mwanzoni (10, 0), mwishoni (0, 10). Badiliko ni (−10, 10), yaani kipimo cha 14.1 m/s kuelekea kaskazini-magharibi, na mchapuko wa wastani ni karibu 7.1 m/s². Mwili wa abiria unausikia mchapuko huo waziwazi hata kama mshale wa kipimakasi haukutikisika. Kwa sababu hiyohiyo, jiwe lako likiwa kileleni halijasimama. Kijenzi cha wima ndicho kilicho sifuri pale. Lenyewe bado linakwenda mbele kwa 17.3, na mchapuko bado ni 10 kwenda chini.

Tumalizie na swali lako la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Je, miendo hii miwili haijuani kabisa?

Chukua kwanza mahali ambapo ni kweli. Mashua inavuka mto wenye upana wa mita 100. Ndani ya maji inakwenda kwa 5 m/s, na mto unatiririka kwa 3 m/s. Ukielekeza omo (sehemu ya mbele ya mashua) moja kwa moja ng'ambo, utavuka kwa sekunde 20, na sekunde hizo ni zilezile mto ukiwa umetulia au ukitiririka. Mkondo haukucheleweshi, unakupeleka tu mita 60 chini ya ulipolenga. Ukitaka kutua mkabala kabisa na ulipoanzia, ni lazima sehemu ya ile 5 uitumie kuifuta ile 3. Unaelekeza omo juu ya mkondo kwa pembe ambayo sin yake ni 3 ÷ 5, karibu nyuzi 37, na kijenzi kinachobaki cha kuvuka ni 4 m/s. Sasa unavuka kwa sekunde 25. Waliozoea kusema "mkondo unapunguza mwendo wa mashua" wamechanganya hali hizi mbili: mkondo haukupunguza chochote, ni nahodha aliyegeuza mshale wake.

Lakini kuna mahali si kweli. Kwamba vekta inaweza kuandikwa kwa vijenzi, hilo ni kweli daima. Kwamba kila kijenzi kinaweza kutatuliwa peke yake bila kumwuliza mwenzake, hilo ni jambo jingine, na linategemea mchapuko wenyewe. Kama mchapuko wa mlalo hauhitaji kujua velositi ya wima, vijenzi vinaweza kuachana. Kama unahitaji, haviwezi.

Hewa ndiyo mfano wa karibu. Ukinzani wa hewa unaelekea kinyume na velositi nzima, na kwa jiwe lililorushwa ukubwa wake unakua takriban kwa kipeo cha pili cha kasi nzima. Ukiugawa, kijenzi cha mlalo cha mchapuko kinakuwa −k × v × vx, ambapo v ni kasi nzima, yaani kipeuo cha (vx² + vy²). Umeona vy ilivyopenya upande wa mlalo? Tuseme k ni 0.01 kwa mita, namba niliyoichagua ili tuhesabu tu. Kama vx ni 17.3 na vy ni 10, kasi nzima ni 20, na mlalo unapungua kwa karibu 3.5 m/s². Kama vx ni ileile 17.3 lakini vy imefika −20, kasi nzima ni 26.5, na mlalo unapungua kwa karibu 4.6 m/s². Mlalo umeathirika kwa sababu tu jiwe linashuka kwa kasi zaidi. Hapo kivuli cha ardhini kinalazimika kukitazama kivuli cha ukutani kila wakati.

Mwendo wa namna hiyo haukubali fomula moja fupi. Tunauhesabu hatua kwa hatua: tunachukua kipande kidogo cha muda, tunatafuta v kwa vijenzi vyote viwili, tunapata ax na ay, tunasogeza vx, vy, x na y kidogo, kisha tunarudia. Kompyuta inafanya hatua elfu moja kama hizo mara moja. Vijenzi bado vipo na bado ndivyo vinavyobeba hesabu. Kilichopotea ni upweke wao.

Kwa hiyo ukikuta kwenye swali maneno "puuza ukinzani wa hewa", usiyapite kama mapambo. Hayo ndiyo yanayokuruhusu kuandika ax = 0. Swali lako liliyaacha yakiwa yameeleweka tu, kwa kutaja g = 10 na kutotaja kani nyingine yoyote.